Mzizi Juu

Mbuzi ndio waliotangulia kujua. Waliufikia ule mmea wa maua ya zambarau, wakaunusa, wakageuza shingo. Mbuzi, anayetafuna hata gunia! Mshonaji aliyekuwa akiwatazama kutoka dirishani aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akajisemea: hapa pana jambo.

Shule yake iliishia msingi, lakini jicho lililozoea kusaka uzi uliokatika halidanganyiki. Aliliona gugu lile likiparamia miti ya kichaka nyuma ya nyumba, likiinyonga mmoja baada ya mwingine. Chini yake hapakuota kitu. Ndege hakutua. Na kichaka kile kiliteremka na korongo hadi bondeni, kwenye bustani ya mdogo wake, mjane aliyelea watoto kwa vitunguu.

"Likifika kule, mdogo wangu hana pa kushika," alisema, akaanza kugonga milango ya majirani.

Kila Jumamosi wakawa wanang'oa, bila malipo ila maji ya kunywa. Walimbandika jina Mama Mzizi-Juu, maana ndiyo iliyokuwa kelele yake: kila gugu litundikwe kwenye waya wa uzio, mzizi juu, likauke hadi livunjike kama kijiti, ndipo lichomwe. Likigusa udongo wenye unyevu, linafufuka.

Jumamosi moja mgongo ulimlaza. Jioni dereva mstaafu, mcheshi wao, akapiga hodi akiwa na buti zenye tope.

"Dada mkubwa, leo tumefagia! Waya ulijaa, tukaona mvua inakuja, rundo zima tukalitupa korongoni. Likafie huko."

"Mizizi je?"

"Mizizi gani tena, mama? Nimeikanyaga mwenyewe!"

"Gugu si abiria, shemeji, kwamba ukishalishusha basi mmeachana."

Dereva alicheka. Yeye hakucheka. Mvua ilishuka juu ya bati, na chini kule korongo likaanza kunguruma kama mtu anayeburuta mzigo.

Mgongo haukumwachia hadi mvua zilipokatika. Siku ya kwanza aliyoweza, aliteremka bondeni na fimbo. Mdogo wake alitoka kumlaki, mikono imelowa, uso umechangamka.

"Dada, karibu! Njoo uone maji ya korongo yalivyonizawadia. Ua limejiotea lenyewe, nalimwagilia kila jioni. Vitunguu tu ndivyo sielewi vina nini."

Maua ya zambarau yalimjaa mshonaji machoni. Pembeni vitunguu vilikuwa vimelala, manjano. Mbuzi aliyefungwa kigingini alikuwa ameivuta kamba yake hadi mwisho, upande wa pili.

"Nipe jembe."

"Jamani dada, ua tu hilo!"

Mshonaji alipiga magoti, akalegeza udongo, akashika shina kwa mikono miwili na kuvuta. Mzizi ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, ukipasua ardhi chini ya vitunguu, ukinyooka kuelekea ukuta wa nyumba.