Maji Yalipoishia kwa Jirani

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mdomo wangu haukuwa na breki. Katika kikao cha ukoo nilisimama mbele ya wazee nikauliza, "Sisi ni Wakristo au tunaabudu miti?" Nilikuwa nausema msitu wa ukoo wetu, ule uliokuwa juu ya chemchemi, walimotambikia mababu. Humo hata ukuni mkavu huokoti. Wanawake nyuma yangu wakapiga vigelegele. Jamani, nilijiona nabii!

Baba mkubwa peke yake ndiye aliyenuna. "Ukungu unapita hapa kila asubuhi," alisema. "Miti ndiyo inayoushika. Mkiikata, utapita tu kama mgeni asiyekaribishwa." Nilimcheka. Nilisahau kwamba utotoni nikikanyaga majani yaliyooza mle ndani, maji yalikuwa yakinitoka katikati ya vidole vya miguu hata wakati wa kiangazi.

Tukakata. Mbao zikawa milango na mabenchi, na penye msitu tukapanda mikaratusi kwa sababu inakua upesi. Hakuna aliyetulazimisha. Tulianza kazi kwa sala na tukaimaliza kwa sala.

Maji ya chemchemi ile huingia usiku kucha kwenye ndiva, bwawa letu la udongo na mawe. Asubuhi tunalizibua, yanateremka mferejini hadi kwa mwenye zamu. Shamba la mama ni la mwisho. Mwaka huu, miaka mingi baadaye, mvua ilisuasua, na mama alikuwa na tangawizi tupu shambani; akiiuza ndiyo chakula chake na ndiyo dawa zake. Zamu yake ilipofika nikapanda kutoka Same mjini, ninakoishi siku hizi, kumsaidia.

Ndiva niliyoogelea utotoni ilinifika magotini. Nikazibua. Nikayafuata maji na jembe mkononi, nikiondoa majani, nikiyahimiza kama mtu anayeswaga mbuzi: "Twende, twende bwana!" Yakaenda, yakapunguza mwendo, yakatoa povu. Kwenye shamba la jirani yakasimama, udongo ukayanywa yote mbele ya macho yangu. Nilitamani kuyazoa kwa mikono.

Mama alikuwa amesimama shambani kwake, mdomo wa mfereji ameshaufungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yako wapi?"

"Yameishia kwa jirani."

Akaitazama tangawizi yake, majani yamejikunja. Hapo nikashindwa. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio uliotufikisha pale. Nikalia mtu mzima na mvi zangu, nikamwambia, "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyesema msitu ukatwe."

"Kwani sikuwepo?" akasema. "Unadhani vigelegele vya kwanza alipiga nani?"

Miaka yote hiyo nilijua mzigo ni wangu peke yangu, kumbe na yeye alikuwa nao, akiwahi kila zamu na jembe lake bila kumlaumu mtu. Iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Tangawizi tukaichimba changa, kabla haijaharibika yote. Jumamosi likapigwa baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja isiyo na udhuru, na safari hii ilikuwa kung'oa mikaratusi na kurudisha miti ya asili pale juu ya chemchemi. Mama akakataa kubaki nyumbani. Alipanda kilima akipumzika kila kona, akapanda mche mmoja wa mkuyu, akaushindilia udongo kwa viganja vyake.

Tulipomaliza, mwenyekiti wa kijiji akafurahi, akaita, "Akina mama, vigelegele!"

Wanawake wakamgeukia mama, maana ndiye mkubwa wao. Akaukung'uta udongo mikononi.

"Hapana," akasema. "Mara hii tusubiri kwanza miche ishike."