Shali ya Kanta

Nilipokuwa mtoto mjini Unguja, kabla ukoo wetu haujahamia Jeddah, jirani zetu wa ukuta mmoja walikuwa Banyani wa dini ya Kijaini. Binti yao, Kanta, alikuwa shoga wa dada yangu Zuhura. Siku moja ikasikika kwamba anakwenda India kuwa mtawa. Watawa wa dini hiyo hawamiliki chochote ila nguo nyeupe, vibakuli vya kupokelea chakula na kifagio laini cha kufagilia njia, wasije wakamkanyaga mdudu. Hutembea pekupeku hadi kufa. Nywele hawazinyoi, huzinyofoa kwa mkono.

Kabla ya safari Kanta aligawa kila alichokuwa nacho, tena kwa furaha ya bibi harusi. Zuhura alipata shali ya hariri nyekundu. Bibi yetu alipoiona, aliacha kuchambua mchele.

"Nani kakupa?"

"Kanta, bibi."

"Irudishe. Huyo kesha kufa na bado anapumua. Chake hakivaliwi. Kitakufundisha alichofundishwa yeye."

"Bibi naye! Hariri itanifundisha nini?"

"Kuacha."

Zuhura aliivaa. Haukupita muda akagawa viatu vyake vya Idi, kisha herini, kisha mto wa kulalia. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililotutisha: alitoa kama mtu apunguzaye mzigo. Mchana mmoja nilimkuta uani, shali begani, ananyofoa nywele za utosini na kuzipanga juu ya goti.

"Hata haiumi," akaniambia, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Bibi aliipeleka shali kwa jirani siku hiyo hiyo. Mama yake Kanta hakuipokea. "Haina mwenyewe tena," alisema dirishani, akafunga. Bibi akaizika nyuma ya nyumba. Nywele za Zuhura ziliota. Hamu yake haikuota.

"Hataondoka," Bibi alisema, "lakini msimhesabu kuwa yupo."

Nimeishi na maneno hayo hapa Jeddah miaka yangu yote ya kazi bandarini, na sasa ya ustaafu. Zuhura, ninayekaa naye, hakuolewa, hakuomba nguo, wala hakusema chakula kimezidi chumvi. Chuo kikuu kilinizoeza kutafuta sababu, nami nimezijumlisha zote: kuondoka kwa shoga yake, kuhama nchi, tabia ya kuzaliwa. Kila nikijumlisha, hubaki kitu kisichofikiwa na sababu hizo.

Miaka ile wasichana wa Kenya walipokuwa wakija kwa wingi kufanya kazi za nyumbani, jirani yetu hapa mtaani Al-Rawdah alimleta mmoja aitwaye Mercy. Alasiri, akitoka kutupa taka, alikuwa akisimama mlangoni petu kuongea Kiswahili na Zuhura, ambaye siku moja alimsimulia habari za Kanta.

"Huyo alifanyiwa sherehe," Mercy alisema. "Mimi nilifika tu, kafili, huyu tajiri aliyenileta, akachukua pasipoti, madam mkewe akachukua simu. Nalala stoo. Mbona mimi sijakuwa mtakatifu, bibi?"

Zuhura hakucheka. "Kwa sababu unavitaka vitu vyako."

"Navitaka sana. Na kesho kutwa wananipeleka Riyadh kwa dada yake madam, na mtoto wangu huko nyumbani hajui."

"Basi vitake. Usiache kuvitaka, mwanangu."

Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, nataka simu ya huyu irudi."

Tangu utotoni sikuwa nimemsikia akisema anataka kitu. Nilivaa kanzu, nikabisha kwa jirani. Pasipoti hakukubali hata kuizungumzia. Simu aliitoa, akisema "halas", yaani basi, yameisha, kama anayefukuza nzi.

Kutoka Riyadh Mercy alipiga kila Ijumaa. Zuhura alimuuliza amekula nini, mtoto yu hali gani, madam mpya ana ulimi wa namna gani. Baada ya miezi kadhaa simu zikakoma. Nimeuliza kwa kila ninayemjua huko. Hakuna ajuaye alipo.

Dada yangu sasa hukaa na simu mapajani tangu sala ya Ijumaa hadi jua kuzama. Hukasirika. Huniuliza kama mtandao upo. Amerudi kwetu, jambo nililolingoja maisha yangu yote, na nikimtazama usoni ninaelewa kile ambacho Kanta alikuwa akikikimbia. Nikiinua mikono kumwombea, sithubutu kuomba aendelee kutaka, wala kuomba aache.