Joka Jekundu la Jirani Yetu

Wiki iliyopita walifunga barabara kuu kwa matengenezo, nikalazimika kupitia mtaa wetu wa zamani kule Villawood, hapa Sydney, Australia. Nilikuwa natoka kazini Wetherill Park, mgongo ukiniuma kwa kuinua maboksi tangu alfajiri, na sikuwa na hamu ya kukumbuka chochote. Nilipofika kwenye kona nikasimamisha gari. Zile fleti zetu za matofali mekundu hazipo. Wamezibomoa zote na kuzungushia uzio wa waya, na ndani kimebaki kitu kimoja tu, ule mlingoti wa chuma wa kuanikia nguo, wenye mikono inayozunguka upepo ukivuma. Umeinama vilevile kama ulivyoinama siku zote. Nilikaa nikautazama mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi. Wewe tumejuana siku nyingi, kwa hiyo nitakueleza kwa nini.

Mwaka ule wa pili wa korona nilikuwa na miaka kumi na minne. Tuliishi pale mama, bibi na mimi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na alirudi amechoka hata kusema hujambo hawezi, kwa hiyo aliyenilea hasa ni bibi. Jumamosi tulikwenda Cabramatta kununua muhogo, dagaa, na lengalenga, yaani mchicha, kwa mama mmoja wa Kivietinamu ambaye hakujua neno letu hata moja, lakini alijua bibi anataka mafungu mangapi. Dagaa wale hawakuwa wa ziwani kwetu, na bibi hakuacha kulisema hilo kila alipowakaanga. Harufu yake ilishuka ngazi zote mpaka barabarani.

Bibi alikuwa Mbembe wa Fizi, mashariki ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na alitaka hilo lijulikane. Kambini Tanzania alikoishi miaka mingi aliitwa Mkongomani basi. Sydney wakamwita Msudani, Mnaijeria, na mara nyingi zaidi Mwafrika tu, kama vile Afrika ni kijiji. Kila mara alisahihisha, kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiojua Kiswahili, na mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri. Mimi Kiswahili nilikisikia vizuri lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kwetu. Pale kwenye foleni ya duka la dawa, watu wakinikodolea macho, nilitamani ardhi inimeze.

Ukuta mmoja na sisi aliishi mzee wa Kizungu, mgane, aliyestaafu kutoka kiwanda kimoja huko huko Wetherill Park. Sisi tulimwita Mwingereza. Kiwandani walimwita Pom, jina la utani ambalo Waaustralia huwaita Waingereza. Alikuwa mkimya, na kosa lake machoni pa bibi lilikuwa moja. Siku ambazo timu yake ya raga ilicheza, alianika kwenye ule mlingoti wa nguo bendera kubwa yenye joka jekundu. Kanisani kwetu tulifundishwa vizuri joka jekundu ni nani. Bibi alianua nguo zetu zote, hata zilizolowa, akazifua upya kwa maji ya moto huku akikemea kwa jina la Yesu. Mashuka yale yalifuliwa mpaka yakapauka.

Sasa sikiliza kosa tulilofanya. Mwaka ule, kabla hatujafungiwa ndani, mume wa Malkia wa Uingereza alifariki, na televisheni haikuonyesha kitu kingine. Bibi akazima televisheni na kujifunga kitenge cha msiba.

"Huyu Papa ya hapa ni mutu ya Malkia," alisema, maana kwake kila mzee ni Papa. "Amefiwa, na hakuna hata mutu moja amekuja kumukalia. Hii inchi iko na roho gani?"

Akasonga ugali wa muhogo, akapika lengalenga na dagaa, akafunika kwa sahani. Joka au si joka, mfiwa ni mfiwa. Kwetu mtu akifiwa hagongewi mlango akaulizwa anajisikiaje. Watu wanakuja, wanaketi chini, wananyamaza naye. Kwa hiyo mzee alipofungua mlango alimkuta bibi ameketi kizingitini, kichwa ameinamisha, sufuria mapajani, na mimi nimesimama nyuma nikitafuta pa kuficha uso. Nikamwambia bibi yangu anampa pole kwa msiba wa familia ya Malkia.

Uso wa mzee ukaiva. Alisema Malkia si wake, wala mumewe si wake, wala yeye si Mwingereza na hajawahi kuwa, yeye ni Mwelisi. Akafunga mlango.

"Bibi, he says he's Welsh," nilimwambia. "Twende. Please."

"Hiyo ni nini?"

Sikujua. Nilisema nadhani ni sehemu ya Uingereza. Bibi hakuinuka. Alisema mtu mwenye uchungu haachwi kwa sababu amefoka, na kama msiba huu si wake, basi ana mwingine. Tukakaa pale mpaka ugali ukapoa. Hatimaye mlango ulifunguka tena, na mzee akatoka na birika la chai na sahani ya vikeki bapa vya zabibu kavu, alivyovichoma mwenyewe juu ya bamba la chuma kama sisi tunavyochoma chapati. Akaketi sakafuni kwa shida, magoti yakilia, akaanza kueleza.

Alieleza kwamba Welisi ni nchi ndogo ya milima na mvua, imebanwa ubavuni mwa Uingereza, na kwamba watu wake wana lugha yao, ambayo shangazi yake alichapwa shuleni kwa kuizungumza. Alikuja Australia kijana, akawekwa na wahamiaji wengine kwenye hosteli ya Villawood, palepale ambapo siku hizi wanafungia watu wasio na vibali. Tangu siku hiyo alikuwa akieleza hayo hayo. Watu humwambia, ah, kumbe karibu na London. Alisema amechoka.

Bibi alisikiliza tafsiri yangu neno kwa neno. Akaniagiza nimuulize kama lugha hiyo ina nyimbo za kuzikia. Mzee akaimba kidogo, kwa sauti nzito ambayo sikuitegemea kwenye kifua kile chembamba. Bibi akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi ni kabila kamili," alisema. "Wanamufanyia sawa vile wanatufanyia sisi."

Tangu siku ile hakuitwa Mwingereza tena nyumbani kwetu. Bibi alimbatiza Papa Mwelisi, na ole wangu nikikosea.

Kisha wakatufungia. Unazikumbuka siku zile? Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa zetu, wanajeshi walipita wakigonga milango kuhakikisha watu wako ndani, na huko ufukweni, tulisikia, watu walikuwa wakiota jua. Mama alichokonolewa pua kupimwa korona mara kwa mara ndipo aruhusiwe kutoka kwenda kazini. Shule ilikuwa kwenye kompyuta iliyokwama kila saa. Kitu pekee kilichosonga ni mazungumzo ya mchana kule uani, bibi kwenye kiti chake upande huu wa ule mlingoti wa nguo, mzee kwenye chake upande wa pili, barakoa zimeshushwa kidevuni, na mimi katikati nikitafsiri. Vikeki vilivuka kutoka kule, dagaa wakavuka kutoka huku. Mzee alijifunza kusema "asante Mama" na bibi akajifunza salamu ya Kiwelisi ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama aliitamka sawa. Nilichoka kutafsiri. Leo ningetoa mshahara wa wiki nirudi kuchoka hivyo.

Mchana mmoja mzee alitueleza jambo lililokuwa likimla. Kaka yake alikuja naye kwenye meli ileile, akafia hapahapa Sydney, na kwenye mazishi msemaji akamsifu kwamba alikuwa Mwingereza halisi mpaka siku ya mwisho. Mzee alikuwa ameketi mstari wa mbele akilia, na hakumsahihisha. Kaka yake akafukiwa hivyo. Alisema kuitwa Pom amezoea, lakini kuzikwa hivyo, hapana. Anataka bendera yake iwe juu ya jeneza na mtu aseme yeye alikuwa nani. Binti yake alikuwa Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, na mipaka ilikuwa imefungwa. Hakujua nani atakayesema.

Nilimwona bibi akishtuka bendera ilipotajwa. Akavuta kitenge mabegani.

"Mwambie nimesikia," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umesikia. Siku yangu, ni wewe utasema."

Mzee alianza kukohoa kabla ya majira kubadilika. Gari la wagonjwa lilipokuja, wahudumu wamevaa plastiki toka kichwani mpaka miguuni, mzee alisimama mlangoni akamkabidhi bibi mfuko wa dukani, akiuweka chini ili asimguse. Ndani mlikuwa na ile bendera, imekunjwa. Bibi aliliita jina lake kutoka dirishani mpaka gari likakata kona. Mzee hakurudi.

Kwenye mazishi waliruhusiwa watu kumi, na hata hao hatukufika. Tulikuwa bibi, mimi, wanaume wawili wazee wa kiwandani, na msimamizi aliyekodiwa, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwona marehemu. Binti yake alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa juu ya kiti. Msimamizi akafungua maneno yake, na hayakwenda mbali kabla hajamwita mzee "a proud Englishman", Mwingereza mwenye kujivunia asili yake. Neno English bibi alilijua vizuri sana.

Alisimama. "Hapana," alisema, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. "Mwambie. Huyu Papa hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwelisi. Haendi kwenye udongo na jina ya watu wengine."

Nilitafsiri. Safari hii sikutamani ardhi inimeze. Yule msimamizi akaomba radhi, akaanza upya, akalisema neno lenyewe. Kwenye simu, binti alikuwa analia. Ndipo bibi akatoa ile bendera kwenye mfuko. Aliishika kwa ncha za vidole, midomo ikicheza kwa sala, akaitandaza juu ya jeneza, na pembe moja ilipokunjika akalinyoosha lile joka kwa kiganja chake chote. Nilimpenda bibi yangu siku ile kuliko nilivyojua kwamba ninaweza.

Naye alifariki mwaka juzi, usingizini, baada ya kulalamikia dagaa. Nilisimama makaburini nikasema alikuwa Mbembe wa Fizi, kama alivyoniagiza, na mfanyakazi mmoja wa pale akaniuliza kama hiyo iko Nigeria. Tuliporudi nyumbani nilimkuta mama mmoja wa Kizungu ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa kanisani, miguu ameikunja, kichwa ameinamisha, sahani ya vikeki vya zabibu mapajani. Alikuwa binti wa Papa Mwelisi. Alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Perth, na hakuna aliyemwambia namna ya kukaa. Alikuwa amesimuliwa na baba yake jinsi bibi alivyoketi kizingitini kwake.

Alinyamaza nasi hadi jioni. Wakati wa kuaga akanishika mkono akaniomba nimwambie tena, taratibu, bibi alikuwa wa watu gani na kwao ni wapi, kwa sababu hataki kukosea. Nikamwambia. Akarudia Mbembe, akarudia Fizi, mpaka akapata. Katika miaka yangu yote ya Sydney, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo.

Sasa fleti hazipo, bibi hayupo, mzee hayupo, na mlingoti ule nao wataung'oa. Kazini wakiniuliza natoka wapi, mara nyingi najibu Afrika na kuinua boksi linalofuata, maana kueleza kunachosha na mgongo tayari unauma. Lakini mtu akimwita Mwelisi Mwingereza mbele yangu, naweka boksi chini. Na binti yule ananiambia kwenye simu kwamba huko Perth, akisimulia mazishi ya baba yake na mtu akasema bibi yangu alikuwa Mwafrika tu, yeye humsimamisha palepale na kumwambia hapana, alikuwa Mbembe.