Uji wa Cucu na Mvinyo wa Warumi

Vijana wakisikia kwamba nilisoma Kilatini na Kigiriki chuo kikuu, huangua kicheko. "Mzee, hizo zilikuwa za kuongea na nani?" Nami huwaacha wacheke. Sina hamu ya kuwatetea Warumi. Nawachukia. Nimewachukia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenijulisha kwao.

Nilikulia Kamenu, pale Thika, mikononi mwa cucu, mama yake baba. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge na mama alikuwa kibarua shambani, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa mimi na yeye. Nilipewa jina la guka, marehemu mume wake, na kwetu mtoto akipewa jina la babu, basi nyanya humwita mume. "Mume wangu, umenawa?" "Hebu tazama mume niliyepata, kamasi mpaka kidevuni! Nitatoka naye vipi?" Nilikuwa nikijibu kwa sauti nzito, "Mama watoto, lete chakula," naye anacheka mpaka anaketi chini.

Kila asubuhi, kabla hajaonja uji, cucu alisimama kizingitini na kibuyu chake, akakiinamisha, akamwaga tone moja chini. "Na wewe, mume wangu, kunywa." Kisha ananigeukia. "Na wewe mdogo, kunywa." Basi. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Guka alizikwa uani mwa kanisa. Alistahili, maana mawe ya kuta zile alibeba yeye kutoka mtoni, mpaka mgongo ukamshinda. Alibatizwa, na cucu akabatizwa pia, wakaandikwa wote wawili katika kitabu cha washirika. Cucu hakuona ugomvi wowote. Jumapili ilikuwa ya Mungu, na lile tone la asubuhi lilikuwa la mzee wake.

Aliyeona ugomvi ni kasisi. Huyu alikuwa Mzungu mrefu aliyeishi Ruiru, katika nyumba ya mawe katikati ya mashamba ya kahawa, na Jumapili alikuja kwetu kwa gari. Nilikuwa na miaka tisa aliposimama mbele ya watoto wa shule ya Jumapili akiwa na picha mkononi. Picha ndogo tulikuwa tumeshapewa. Hii ilikuwa kubwa, ya rangi: Mchungaji Mwema amembeba mwanakondoo begani. Akauliza, "Nani kwao bado wanafanya mambo ya giza?"

Nikainua mkono.

Sikutishwa, wala sikuchapwa. Niliitaka ile picha, nikasema, nikapewa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walinijua.

Jumanne kasisi alifika nyumbani. Cucu akamfutia kigoda kwa leso yake. Alipoulizwa hakukana. "Huyo ninayempa uji ndiye alikubebea mawe ya kanisa. Nimnyime?" Kasisi alijua Gikuyu vizuri, kwa hiyo asisingizie lugha. Jumapili iliyofuata aliita kitabu kiletwe, akalikata jina la cucu kwa wino mwekundu mbele ya watu wote, nami nimekaa mstari wa mbele na viatu vyangu vya mpira.

Tangu siku hiyo cucu hakuingia tena kanisani. Alikaa nje, juu ya jiwe chini ya dirisha, akasikiliza nyimbo. Mvua ikinyesha alijifunika gunia. Na usidhani alilia kwa kukosa mkate na kikombe. Kilichomuuma kilikuwa kimoja tu: asiyekuwa kitabuni hakuzikwa uani mwa kanisa. Alitaka kulala kando ya mzee wake, na sasa njia imefungwa. Hakuniuliza hata siku moja nani alisema. Nami, mwanamume mzima wa miaka tisa, nikafunga mdomo.

Muda si muda kasisi alimwita baba. Akasema mtoto huyu ana akili, mlete Ruiru kila Jumamosi nimfundishe Kilatini. Baba alifurahi karibu apae. Nilienda miaka mingi. Tuliketi kwenye baraza yake, yeye na kiko chake, mimi na madaftari yangu, nikakariri vitenzi vya watu waliokufa huku vibarua wakichuma kahawa hatua chache tu kutoka hapo. Kasisi ndiye aliyeniombea nafasi shule ya bweni, na ndiye aliyeandika barua iliyonipeleka chuo kikuu kule Kampala. Kwetu walisema ana moyo, yule Mzungu. Ana moyo!

Tulikuwa watatu tu darasani. Mwaka wangu wa pili, mwalimu wetu, Mwingereza mwenye sauti ndogo, alitufundisha jinsi Warumi walivyowatunza wafu wao. Akatuambia walikuwa wakitenga chakula cha miungu ya nyumba na kukitupa motoni. Wagiriki walimwaga mvinyo, maziwa na asali kaburini. Na Warumi wengine, alisema, waliweka bomba. Akachora ubaoni: kaburi, na bomba linaloshuka kutoka juu mpaka kwa marehemu, ili mvinyo umfikie asibaki na kiu. Akaacha chaki na kututazama, macho yamemlowa. "Tazameni upendo huo," akasema. "Tazameni heshima. Huo ndio msingi wa ustaarabu."

Wenzangu waliandika: msingi wa ustaarabu. Mimi mkono ulikataa. Nilimwona cucu kizingitini, na kibuyu chake. Nikainua mkono, maana nilikuwa hodari wa kuinua mkono. "Mwalimu, na hao walikatwa majina na nani?" Hakunielewa. Akadhani nauliza habari za mfalme fulani, akanielekeza maktabani.

Basi nikaandika insha. Niliandika kwa hasira, kurasa kumi na nane kuhusu mvinyo, maziwa na bomba, na cucu sikumtaja hata mara moja. Nikapata tuzo ya chuo. Mkuu alinipa mkono. Mwalimu akasema ni nadra sana Mwafrika kuingia ndani hivyo katika roho ya Kirumi. Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nilisema asante sana.

Hapo ndipo barua ya baba ilipofika. Cucu alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, hapandi tena mpaka kanisani. Alikuwa na ombi moja tu kwangu, kwa kuwa mimi na kasisi tunaelewana: nimwombee jina lake lirudishwe kitabuni kabla hajafa.

Nilirudi likizo ilipoanza. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na mtu wa kabila letu hakutoka Thika kwenda Ruiru bila pasi. Nilipanga foleni siku mbili kuipata, nikaazima baiskeli ya baba. Kwenye kizuizi askari wakaniteremsha, wakapekua mfuko, wakaikunjua insha yangu na kuishika juu chini. "Hii ni nini?" Nikawaambia ni habari za Warumi. "Wanaishi wapi?" Nikasema walikwisha. Wakaniachilia.

Kasisi alinipokea kwa mikono miwili. Chai, keki, kiti cha ndani safari hii, si cha baraza. Akaisoma insha yote mbele yangu, akitikisa kichwa kwa furaha. Alipofika kwenye bomba aliondoa kiko mdomoni. "Hii ni nzuri, kijana wangu. Nzuri mno. Inagusa moyo."

"Bwana Kasisi," nikasema, "cucu yangu anataka kurudi kitabuni. Anakufa. Anataka kuzikwa kando ya mume wake."

Uso ukabadilika. Akasema hilo ni jambo jingine.

"Jingine namna gani? Umesema inagusa moyo."

Akanieleza polepole, kama alivyokuwa akinieleza vitenzi. Warumi wale hawakuwa wameisikia Injili, kwa hiyo Mungu atawahukumu kwa upole. Cucu aliisikia, akabatizwa, kisha akarudi gizani. Tena wakati huu, mtu kumwaga kitu chini na kunong'ona, serikali itasema nini? Itasema ni kiapo cha waasi wa msituni.

"Uji, Bwana Kasisi! Uji wa wimbi!"

"Hata uji."

"Hao unaowasifu ndio waliompigilia Yesu misumari. Cucu yangu hajampigilia mtu."

Akawa mwekundu mpaka masikioni, na nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini alijizuia. Akasema mlango uko wazi. Cucu abebwe mpaka kanisani, aseme mbele ya watu kwamba aliyekuwa akinywa uji wake ni shetani. Siku hiyo hiyo jina litarudi. Kisha akaniwekea mkono begani, na sauti yake ikawa laini.

"Usijilaumu. Siku ile uliponiambia ukweli juu ya bibi yako mwenyewe, ulikuwa mtoto wa miaka tisa tu. Nilijisemea, huyu ndiye. Watoto wengi wana akili, kijana wangu. Mwaminifu kama wewe nilikuwa sijampata. Ndiyo maana nilikuchagua."

Nikabaki na kikombe mkononi. Ngai! Miaka yote ile nilidhani ni akili yangu. Kilatini, shule ya bweni, Kampala, tuzo, vyote vilikuwa ile picha ya Mchungaji Mwema, kasisi ameendelea tu kunilipa. Nilikiweka kikombe, nikachukua insha yangu, nikaondoka bila kuaga. Sikumbuki barabara ya kurudi.

Cucu alikuwa amelala upande wa ukutani. Nilimweleza sharti. Akanitazama kwa jicho kali alilokuwa akimtazamia mama mkwe wake, nadhani.

"Niseme shetani ndiye alikuwa akinywa uji wangu?"

"Ndivyo anavyotaka, cucu."

"Mwambie mzee wangu hakuwa shetani. Alikuwa na maneno mengi na alikoroma, lakini shetani hakuwa." Akakohoa. "Sisemi. Nizikwe popote."

Nikapiga magoti pale kitandani. Nilimwambia. Nilisema, "Cucu, ni mimi niliyemwambia kasisi."

"Najua."

"Unajua?"

"Wenzako walirudi na picha ndogo. Wewe ulirudi na kubwa." Akageuza uso ukutani. "Nilikuwa nangoja useme. Mwaka wa kwanza nikasema, bado ni mtoto. Ukaenda bweni, nikasema, atasema akirudi. Ukaenda Kampala. Sasa nina siku ngapi, ndipo unasema? Maji yakimwagika hayazoleki. Toka, unaniziba hewa."

Hakuniita mume wangu. Hakuniita hivyo tena. Alikufa wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, asubuhi, mama akimlisha.

Chifu aliruhusu azikwe kwenye kipande cha ardhi kilichoko kati ya barabara na ua wa kanisa, ule wa kayaba wenye miiba mirefu. Kutoka kaburi lake mpaka la guka ni hatua kumi na mbili, na ua katikati. Hakuna kengele iliyopigwa. Wazee wa kanisa walikuja kuchimba, hilo nawashukuru, lakini walivua kofia wakiangalia barabarani kama kasisi anakuja.

Kabla hatujafukia, nilimwomba baba kipande cha bomba la maji kutoka kwenye vyuma vikuukuu vya kiwandani.

"La nini?"

"Nipe tu, baba."

Alinipa. Nikalisimamisha kaburini, ncha moja kifuani pa cucu, nyingine juu, na udongo ukajazwa pande zote. Mama aliziba mdomo kwa leso. Hakuna aliyenizuia, maana mtu aliyesoma Kampala watu humwogopa kidogo.

Jumapili, kabla ya ibada, nilisimama pale na kibuyu chake. Watu walikuwa wakiingia langoni. Nikakiinamisha, nikamwaga uji ndani ya bomba, si tone, wote, mpaka kibuyu kikaisha. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Na wewe, mama watoto, kunywa."

Gari likasimama nyuma yangu. Kasisi alishuka na joho lake tayari mwilini. Alilitazama bomba muda mrefu, na nikaona kwamba amelitambua. Alikuwa amelisoma juzijuzi tu katika insha yangu, akaondoa kiko mdomoni.

"Nani amekufundisha mambo haya?" akauliza.

"Wewe, Bwana Kasisi," nikamwambia. "Kila Jumamosi."

Akapita, akaingia kanisani, na kengele ikalia. Kufikia Jumatano bomba lilikuwa limeng'olewa na shimo limezibwa kwa jiwe, na jiwe lenyewe nililijua. Ni lile cucu alilokuwa akikalia chini ya dirisha la kanisa.