Kamera yangu ya kwanza na mama mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama usoni

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu ndani mimi ni msomaji tu, huwa nagonga like na kupita. Leo naandika kwa sababu ya yule kijana aliyeleta uzi juzi, kanunua kamera mpya, anauliza aongeze lenzi gani ili picha zake zitoke kali. Mmemjibu kurasa nne za namba na mafumbo.

Mimi nitamjibu kwa kisa changu. Atakayesema ni chai, aongeze sukari anywe. Wahusika wengine wako hai na wanajua kusoma, kwa hiyo sina nafasi ya kuongopa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Bariadi. Simiyu haijazaliwa, bado tuko mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na makarani wao, kituo chetu kikafungwa, nikarudi nyumbani na kalamu mbili.

Kipindi hicho maduka ya Mwanza yalikuwa yamejaa kila kitu. Vitu tulivyokuwa tunavisikia redioni, sasa vinapangwa chini kwenye turubai. Nikaenda na kiinua mgongo changu kununua cherehani kwa ajili ya mke wangu Kabula. Nikarudi na kamera.

Msiniulize ilikuwaje. Niliishika, nikaibonyeza, ikalia "kcha", basi.

Kabula aliigeuzageuza akauliza, "Inakula nini?"

"Mikanda."

"Mikanda inapatikana wapi?"

"Mwanza."

"Na ikishapiga, picha zinasafishwa wapi?"

"Mwanza."

Akanirudishia, akaendelea kupepeta mchele. Hakuizungumzia tena wiki nzima, na mnaojua ndoa mnaelewa hiyo ni adhabu gani.

Muuzaji alinifundisha kwa dakika tano. Jua liwe mgongoni kwako, bana pumzi, bonyeza. Nilibana pumzi mpaka nikawa naona nyota. Mkanda wa kwanza nilipiga kwaya ya kanisani. Ilitoka vizuri sana kuanzia shingoni kwenda chini. Mwalimu wa kwaya aliniuliza kama kuna sehemu ya pili.

Lakini kamera ilikuwa inaning'inia shingoni kwangu, na watu wakaanza kuniita fundi. Mtu umetoka kuachishwa kazi, unaitwa fundi! Nililewa hilo jina, naungama. Krismasi hiyo nikaenda nayo ukweni, Ngulyati, na kila aliyeomba kuishika nilimwambia kwa sauti nzito kwamba kamera hii ikishikwa na asiye fundi inaungua ndani.

Ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka tu nibaki nayo peke yangu.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Masalu, mdogo wake Kabula. Huyu kijana aligombana na baba zake wadogo kuhusu ng'ombe baada ya baba yao kufariki, akaondoka na hasira, akaishia Mirerani kwenye machimbo. Miaka saba hakuonekana.

Mzee mmoja anaitwa Maduhu, alikuwa anapeleka mchele upande wa Arusha mara mbili kwa mwaka. Siku moja akarudi na habari. Amemuona Masalu. Kijana anaamini mama yake alishakufa, kuna mtu wa huku alimwambia hivyo. Maduhu akamwapia kwamba mama yupo. Masalu akasema hayo ni maneno ya baba wadogo, wanataka arudi wamkamate na kesi ya ng'ombe. Barua zilishapelekwa mbili, akazichana.

Na mama naye macho yalikuwa yanaondoka. Hospitali walisema ni presha ya macho, kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kitaondoka kidogo kidogo. Alikuwa bado anaona sura ya mtu akiwa karibu. Kabula aliniambia mama yake ana ombi moja tu, amuone Masalu kabla giza halijafunga.

Maduhu akatoa wazo. "Nipeni picha yake. Kijana akimuona mama yake kwa macho, hatabisha."

Watu wote pale uwanjani ukweni wakanigeukia mimi fundi.

Hapa inabidi niwaeleze wasio Wasukuma. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, wewe unatoka unapita kwenye majaruba ya mpunga. Mkiwa uwanja mmoja, unakaa umempa mgongo au ubavu, na maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Si uadui, ni heshima ya juu kabisa. Vijana wa siku hizi wanapiga selfie na wakwe zao. Sitasema kitu, watoto wangu wako humu.

Miaka sita ya ndoa, nilikuwa naijua sauti yake, mwendo wake na kikohozi chake. Sura sikuijua.

Nikajipa moyo kwamba kupitia kwenye kioo cha kamera si kutazama. Nikamuuliza yule mkubwa kati ya baba wadogo, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa familia.

Akaniuliza, "Jicho litakalokuwa kwenye hicho kioo ni la nani?"

"La kwangu."

"Basi unatazama."

Kesi ikaisha hapo.

Siku ya picha mama akatolewa nje, kitenge kipya, kilemba kipya, akaketishwa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Mimi nikasimama hatua kama kumi na tano, uso nimeuelekeza kwenye zizi, kamera nimeishika kifuani inaelekea kwake. Kabula akawa ananiongoza.

"Kulia kidogo."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kwenye ng'ombe."

Kcha.

"Umeinamisha sana. Pandisha. Basi, basi! Umezidisha."

Kcha.

Kabula akanisogelea, akaninong'oneza. "Baba Shija, nipe hicho kitu nibonyeze mimi. Yule ni mama yangu, mimi namtazama kila siku."

Wakuu, hapa ndipo penyewe.

Baba wadogo walikuwa wamekaa palepale wanasikiliza. Watu walewale niliowaambia Krismasi kwamba ikishikwa na asiye fundi inaungua. Nikimpa Kabula na isiungue, mimi ni nani? Karani asiye na mizani.

Nikamwambia, "Itaungua."

Akaniangalia. Akarudi pale alipokuwa. "Haya. Kulia kidogo."

Nilipiga sita, nikamaliza mkanda kwa fahari, nikapanda basi kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi. Picha zikatoka siku mbili kabla ya safari ya Maduhu.

Ya kwanza, paa la nyumba. Ya pili, zizi, na sijui nililifikiaje. Ya tatu bega na ukuta. Ya nne mbingu. Ya tano ni kuku aliyekuwa anapita, na niseme ukweli, kuku alitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Ya sita ni kitenge kuanzia magotini kwenda chini, na miguu miwili.

Muda wa kupiga nyingine na kurudi Mwanza haukuwepo. Wakajadiliana. Baba mdogo akasema kitenge hicho ni cha mwanamke, na miguu hiyo ni ya mtu mzima aliye hai, kwa hiyo ushahidi upo. Ikapelekwa miguu.

Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Fundi hatakiwi kuonekana ana wasiwasi.

Maduhu alirudi baada ya miezi mitano. Akakaa, akapewa maji, akanywa yote, akaomba mengine. Tukajua hakuna jema.

Alisema Masalu aliichukua picha, akaiangalia muda mrefu, akauliza, "Hii nini?"

"Mama yako."

"Hii ni miguu. Hata mimi ninayo."

Halafu akasema neno ambalo sitalisahau. Kama mama yupo, na mpiga picha yupo, na wamekaa mahali pamoja mchana kweupe, kwa nini wafiche uso? Mtu hafichi uso wa mtu aliye hai. Kwa hiyo sasa ana uhakika kwamba amekufa. Akamwambia Maduhu asimletee tena habari za nyumbani.

Yaani kabla ya picha yangu alikuwa anahisi. Picha yangu ikamthibitishia.

Mama alisikia yote, alikuwa ndani karibu na mlango. Hakulia kwa sauti. Aliita "Kabula," Kabula akaenda, wakakaa huko ndani mpaka saa ya kukamua maziwa ya jioni. Na Kabula alipotoka hakunitazama. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi kwa mapambo.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilivua kamera shingoni mbele ya baba wadogo, nikasema, "Nilidanganya. Hii kitu haiungui. Mtu yeyote anaweza kuishika."

Baba mdogo alikuwa anakuna mguu, akaendelea kukuna.

Nikamfundisha Kabula kwa dakika tano zilezile za muuzaji. Jua mgongoni, bana pumzi, uso wa mama ujae kwenye kioo. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya ghala, ili hata kwa bahati mbaya nisione.

Nikasikia kcha. Kcha. Basi, mbili tu.

Halafu sauti ya mama mkwe, akimwambia Kabula huku akijua fika kwamba nasikia. "Mwambie mume wako anajua kudanganya kuliko kupiga picha."

Nikamjibu Kabula, kutokea kule nyuma ya ghala, "Mwambie mayu nimekubali."

Zote mbili zilitoka. Kali! Hadi mikunjo ya kope inahesabika. Naambiwa hivyo, maana mimi picha nililetewa zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Baba mdogo alishaamua kwamba hata picha ni kutazama.

Maduhu alipeleka moja safari iliyofuata. Pale tulikuwa tumeshakaribia mwaka mzima tangu siku ile ya kuku.

Masalu alikuja bila taarifa, kiangazi, saa tisa alasiri. Nilikuwepo, tunatengeneza zizi. Kijana mrefu, buti za mgodini, ndevu mpaka kifuani. Kabula alidondosha ndoo, akapiga kelele moja tu. Masalu akampita, akaenda moja kwa moja pale mama yake alipokuwa amekaa, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila mayu."

Mama akageuza uso kuelekea sauti. Uso ulikwenda pembeni kidogo, si pale alipo.

Giza lilikuwa limefunga. Miezi kama mitatu hivi tu kabla hajafika.

Akanyoosha mikono akaupata uso wa mwanae. Akaanza kwenye paji, akashuka kwenye pua. Alipofika kwenye ndevu akasimama.

"Huyu ana ndevu," akasema. "Kabula, njoo uniambie. Masalu sasa anafananaje?"

Kabula akapiga magoti karibu nao, akaanza kumweleza mama yake sura ya mtoto wake. Rangi. Macho. Kovu jipya juu ya jicho. Mama anauliza, "Na meno?" Kabula anajibu. "Anafanana na baba yake au na mimi?" Kabula anajibu. Masalu analia kama mtoto, mama anafuta machozi yake na kuendelea kuuliza, kwa utulivu, kama mtu anayenunua kitu asichotaka kukosea.

Mimi nilikuwa hatua chache tu. Nilipiga hesabu. Miezi mitano ya miguu, na mingine ya kusubiri safari ya Maduhu. Ningempa Kabula kamera siku ile ya kwanza, mama angemuona mwanae. Si kwa uzuri sana, lakini angemuona.

Na kitu kimoja nakiandika hapa kwa mara ya kwanza. Wakati ule ningeweza kumtazama. Yeye hanioni, wengine wote wanamtazama Masalu, hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na hamu ya kujua uso wa mtu niliyemkosesha kitu kikubwa namna ile.

Nilishindwa. Niliinamisha macho, nikaendelea kufunga fito.

Kwa hiyo kijana mwenye uzi wa lenzi, jibu langu ni hili. Lenzi nunua yoyote. Lakini kama kuna mtu pembeni yako anayeona usichokiona wewe, mpe kamera ashike, hata kama wote wanaokuita fundi wamekaa hapo wanaangalia. Ikiungua, utanunua nyingine.

Nimemaliza. Wenye visa vya ukweni, wapiga picha wa enzi za mikanda, na wewe unayetaka kuniuliza kwa nini sikununua cherehani, uwanja ni wenu. Hilo la cherehani Kabula alishaniuliza, na jibu bado sina.