Hoja Iliyomrudia Merle Pelkey

Bado ni giza, lakini taa za lori la Merle Pelkey zinamulika uwanja wote wa ukumbi wa mji mdogo wa Perley, jimbo la Vermont, Marekani. Anashusha koleo kubwa la chuma lililofungwa mbele ya lori, anasukuma theluji hadi ukingoni, anarudi nyuma, anaanza tena. Anafanya taratibu, kama mtu anayefagia sebule kabla ya wageni kufika.

Wageni wenyewe wanakuja kuamua kama wamwondoe kazini.

"Wakikuta uwanja umeachwa ovyo watasema Merle amenuna," anasema, akizima injini ili anywe kahawa. "Basi nausafisha kuliko siku zote. Huko ndiko kununa kwangu."

Ni Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mkutano wa mji. Watu wa Perley watakaa kwenye viti vya kukunja, watabishana tangu asubuhi, mchana watakula maharage ya kuoka na pai za tufaha, na kila jambo la fedha za mji watalipigia kura wenyewe, jirani mbele ya jirani. Asiyekuwamo ukumbini hana kura. Hata kama yuko nje ya mlango anavuta sigara, hana.

Hoja ya saba inasema idara ya barabara ivunjwe na kazi yake ipewe kampuni ya nje. Idara hiyo ina lori moja, greda moja na Merle, mwenye umri wa miaka hamsini na sita.

Mji unamlipa dola ishirini na sita kwa saa. Si fedha za kutamba nazo, lakini zinakuja na bima ya afya, na mkewe, Noreen, ana kisukari kilichoanza kumla macho.

"Mshahara naweza kuupata kwingine," anasema Merle. "Bima ndiyo inayoninyima usingizi."

Kinachomuuma zaidi ni kwamba hoja hiyo ilitoka kinywani mwake.

Kwa miaka mingi Merle amekuwa akisimama kwenye kona ileile ya ukumbi, karibu na jiko la kuni, akisema hapana. Alikataa paa jipya la maktaba. Alikataa taa za barabarani. Baba yake alimlea akiamini kwamba mtu mzima hujisimamia, na kwamba kila dola inayochukuliwa na serikali imetolewa mfukoni mwa mtu aliyeitolea jasho. Mbele ya nyumba yake kuna kibao alichokichora mwenyewe: Serikali, Ishia Hapo.

Machi mwaka jana, akiwa amekasirishwa na kodi ya nyumba na mashamba iliyopanda tena, alisimama akataka kila idara ya mji ithibitishe kwamba hakuna mtu binafsi anayeweza kufanya kazi yake kwa bei nafuu. Ukumbi ulimpigia makofi, hoja ikapita. Kamati ikaundwa, ikaanza na idara iliyo rahisi kupima.

"Hata sikuwaza kwamba na mimi ni idara," anasema. "Mimi nilijiona ni Merle tu."

Saa nne ukumbi umejaa. Clayton Orr, mwendesha mkutano, anagonga meza na kuisoma hoja ya saba. Wa kwanza kusimama ni Velma Thibault, mjane wa miaka sabini na minane anayefuga ng'ombe wa maziwa juu mlimani.

"Kodi yangu imepanda na bei ya maziwa imeshuka," anasema. "Mwaka kesho nitauza malisho, mwaka unaofuata nitauza nyumba. Merle, nakupenda. Ukiugua nitakuletea supu. Lakini kukulipa, siwezi."

Watu wanacheka.

"Merle, leo serikali ni wewe!" mtu anapaza sauti kutoka nyuma. "Sema kitu!"

Merle anainuka, kofia mkononi. Shingo yake imekuwa nyekundu. "Sina la kusema. Yote aliyosema Velma nimewahi kuyasema mimi." Anakaa.

Noreen anamgeukia. "Ndiyo hotuba hiyo?"

"Lakini ni kweli."

"Nimekuuliza kama ni kweli? Nimekuuliza kama umemaliza."

Wazungumzaji wanafuatana. Mmoja anasema kampuni itakuja na malori matatu. Mwingine anauliza kampuni hiyo itafungua barabara ya nani kwanza. Wakati huo theluji imeanza tena kuanguka, na dirishani mlima hauonekani. Kisha simu inapigwa kutoka shuleni: wanafunzi wanarudishwa nyumbani mapema, na basi lao litapanda mlima wa Thibault.

Merle anautazama mlango, halafu anamtazama Orr. "Mwenyekiti, hoja hii tunaweza kuipigia kura sasa hivi?"

"Kuna watu wanane bado hawajasema," Orr anajibu kwa upole. "Siwezi kuwafunga midomo. Ungekuwa mmoja wao, ungekubali?"

Merle anafikiri kidogo. "Nisingekubali."

"Kaa," Noreen anamnong'oneza, akimshika mkono wa koti. "Nusu saa tu, mume wangu. Basi lingoje. Kaa!"

"Dereva hajui kwamba barabara imefungwa na theluji. Atapanda."

Anautoa mkono wa mkewe taratibu, kidole kimoja kimoja, anavaa kofia na kutoka. Ukumbi mzima unausikia mlango ukifungwa, halafu lori likinguruma.

Mlimani haonekani mtu wala uzio. Kuna kona moja ambapo barabara inabanwa na korongo, na hapo upepo umerundika theluji hadi usawa wa taa za lori. Merle anaivamia mara ya kwanza, lori linateleza upande. Anarudi nyuma, anashusha koleo tena. Mara ya tatu rundo linapasuka, na baada ya muda mfupi basi la manjano linatokea nyuma yake, likifuata njia aliyoifungua.

Anaporudi ukumbini watu wanakula, na hakuna anayemtazama usoni. Kura ya sauti haikueleweka, wakalazimika kusimama na kuhesabiwa. Sitini na moja wametaka idara ivunjwe. Sitini wamekataa.

Noreen yuko kwenye meza ya kahawa, amempa mgongo.

Anayemsogelea ni Velma. "Ungekuwepo ingekuwa sare," anamwambia. "Na sare huiangusha hoja."

"Najua."

"Wajukuu wangu wamefika?"

"Wamefika. Nimewaona wakishuka."

Velma anasimama palepale, sahani ya pai mkononi, pai haijaguswa.

Sheria inawaruhusu wakazi kudai kura irudiwe, mradi majina yatoshe. Siku mbili baadaye karatasi ya saini imewekwa dukani, na jina la kwanza ni la Velma.

"Msinielewe vibaya," anasema. "Mimi bado nitapiga kura ya kumwondoa. Kodi haijashuka. Lakini hatukumshinda yule, alikuwa barabarani. Aje asimame, ahesabiwe kama wengine."

Merle anaingia dukani na buti zenye theluji, anaisoma karatasi, anachukua kalamu, anairudisha. Maisha yake yote hajawahi kuiomba serikali kitu, anasema, na mkono unakataa kuanza leo.

"Huombi kazi," Noreen anamwambia. Wamekuwa wakisemeshana tena tangu asubuhi. "Unaomba zamu yako ya kusema. Ile uliyoipoteza kwa kukaa chini."

Merle anaisoma karatasi tena. "Nilidai kila idara ithibitishe," anasema hatimaye. "Ilipofika zamu yangu sikuthibitisha chochote. Kama ingekuwa maktaba imekaa kimya vile, ningeipigia kelele."

Anatia saini.

Kura ya pili itakuwa Aprili. Theluji itakuwa imekwisha na matope ya mlimani yatafika kwenye ekseli za magurudumu, na Merle ana mpango: kila anayetaka kumwondoa atapanda naye kwenye lori asubuhi moja, aone kazi yenyewe, kisha aamue. Kibao chake hajakitoa, na hana nia ya kukitoa. Na amekwisha kumwalika abiria wa kwanza.

"Nitapanda," anasema Velma Thibault. "Ila asidhani nitabadilika."

"Sidhani," anasema Merle. "Nitakuja kukuchukua saa kumi na moja alfajiri. Vaa buti, na supu yako uje nayo."