Njia ya Pijo ya Mzee

Haron Onchiri ni fundi wa magari mjini Kisii, na kichwa chake ni kigumu. Baba yake alipofariki, ndugu zake watatu walitaka kuiuza Pijo 404, gari la mzee, kama chuma chakavu. Haron akakataa katakata. Kila Jumapili alikuwa akipanda hadi kwao Manga, akifukuza kuku waliotaga juu ya viti, akikwangua kutu, akifunga vipuri alivyookoteza huku na huku. Sisi majirani tulimcheka waziwazi.

Mwezi uliopita injini iliwaka. Tulikimbia wote kuona. Pijo ikanguruma, ikasogea kidogo, ikasimama mbele ya migomba.

Akili zetu zote zilikuwa kwenye injini! Tangu shamba ligawanywe, kila ndugu alikuwa amepanda migomba mpaka ukingoni mwa kipande chake, na njia ya gari ikabaki kijia cha miguu. Ardhi kwetu ni haba. Hakuna anayemwachia mwenzake hata shubiri. Wale ndugu wanne wakabaki wakitazamana.

Mama yao, Bonareri, akatoka amevaa gauni lake la Sabato, akaketi kiti cha mbele.

"Mama, njia haipo," Haron akamwambia.

"Itakuwepo vipi? Njia ya baba yenu mmekuwa mkiiuza sokoni Daraja Mbili, mkungu kwa mkungu."

Haron alizima injini, akaenda kuchukua panga, akaanza na migomba yake mwenyewe.